Andreas Grüntzig: Jamaa aliyetengeneza puto jikoni, akazibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua

Leo tuweke pembeni siasa na mpira kidogo. Kuna mtu nataka tumfahamu, na nina uhakika wengi wenu mlioko kafe hapo mkihesabu dakika hamjawahi kusikia jina lake. Hata hivyo, kila siku inayopita duniani watu wanatoka hospitali kwa miguu yao wenyewe kwa sababu ya alichokifanya. Jamaa anaitwa Andreas Grüntzig. Alikuwa daktari, Mjerumani, akafia Marekani mwaka 1985 akiwa na miaka 46 tu.

Kwa nini nimemchagua yeye? Siku hizi ukisikia mzee fulani ana tatizo la moyo, maneno yanayofuata ni hayahaya: mishipa imeziba, amewekewa stenti, amefanyiwa baipasi, na wengine baipasi yenyewe imeziba tena. Maneno yanaruka hewani kama vile wote tunayaelewa. Basi leo tuyaelewe, na njia nzuri ya kuyaelewa ni kufuata maisha ya huyu bwana. Mimi siyo daktari, ni msomaji tu kama nyie, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha yetu ya kawaida.

MTOTO WA VITA

Andreas alizaliwa tarehe 25 Juni 1939 mjini Dresden, Ujerumani. Angalia tarehe vizuri. Miezi miwili na siku chache baadaye Vita Kuu ya Pili ikaanza. Baba yake alikuwa msomi wa sayansi, vita ikamchukua na hakurudi. Mama, naye mwalimu, akabaki na watoto wawili wa kiume, Johannes na Andreas, katika nchi iliyobomolewa.

Baada ya vita maisha yalikuwa magumu, mama akawachukua wanawe wakavuka bahari hadi Argentina kwa ndugu. Hawakukaa sana, wakarudi tena Ujerumani, mji wa Leipzig. Hiyo Argentina ishikeni kichwani, tutairudia.

Leipzig ilikuwa upande wa mashariki, ule wa wakomunisti. Dogo akasoma pale katika shule moja ya zamani sana inayoitwa Thomasschule, akamaliza mwaka 1957. Halafu akafanya walichofanya vijana wengi wa wakati ule: akaondoka mashariki akaenda magharibi, kabla ukuta wa Berlin haujajengwa mwaka 1961. Akasomea udaktari Heidelberg, akamaliza mwaka 1964. Baada ya hapo akahangaika hospitali moja hadi nyingine kwa miaka kadhaa, na mwaka 1969 akatua Zürich, Uswisi, kwenye hospitali ya chuo kikuu. Hapo ndo hadithi yenyewe inapoanza.

KWANZA TUJUE TATIZO

Moyo ni pampu. Unasukuma damu mwili mzima, lakini na wenyewe ni nyama, unahitaji damu yake. Damu hiyo inapita kwenye mishipa myembamba iliyouzunguka moyo kwa nje. Ukubwa wake ni kama mrija wa soda, na mingine ni myembamba zaidi. Kwa miaka mingi mafuta na uchafu mwingine hujijenga kwenye kuta za mishipa hiyo, na njia inakuwa nyembamba. Mtu akipanda ngazi kifua kinabana. Ikitokea damu ikaganda pale penye wembamba, njia inafungwa kabisa, na sehemu ya moyo inaanza kufa. Hiyo ndiyo tunaita shambulio la moyo.

Miaka ya 1960 ukiwa na tatizo hilo dawa zilikuwa chache. Mwaka 1967 daktari mmoja kutoka Argentina aitwaye René Favaloro, aliyekuwa anafanya kazi Cleveland, Marekani, akaonyesha njia. Alichukua mshipa wa vena kutoka mguuni mwa mgonjwa, akaushona kuanzia mshipa mkubwa unaotoka moyoni hadi mbele ya sehemu iliyoziba. Damu ikapita njia ya pembeni, kama magari yanavyopita barabara ya mchepuko pale barabara kuu inapofungwa. Hiyo ndiyo baipasi. Na Favaloro huyu, wakati familia ya Grüntzig inakwenda Argentina, ndo alikuwa daktari kijana anaanza kutibu watu kijijini. Dunia ndogo bwana.

Baipasi iliokoa na inaokoa watu kibao. Lakini ni kazi nzito. Mfupa wa kifua unakatwa kwa msumeno, mara nyingi moyo unasimamishwa na mashine ndiyo inazungusha damu, halafu mgonjwa anakaa wiki kadhaa akiuguza. Swali likawa: hivi haiwezekani kuzibua bomba bila kubomoa nyumba?

WALIOTANGULIA

Tusimpe Grüntzig sifa zote, maana wapo waliomfungulia mlango.

Mwaka 1929 kule Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alichukua mrija mwembamba (ndiyo katheta yenyewe), akauingiza kwenye vena ya mkono wake mwenyewe, akausukuma hadi ndani ya moyo. Kisha akatembea hadi chumba cha eksirei apigwe picha kuthibitisha. Wakubwa wake hawakufurahi kabisa. Ilibidi asubiri hadi mwaka 1956 ndo akapewa Tuzo ya Nobel akiwa na wenzake wawili.

Halafu mwaka 1964 kule Portland, Oregon, yuko Charles Dotter. Alipata bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa unaoza kwa kukosa damu, na bibi amekataa katakata kukatwa. Dotter akapitisha katheta kwenye mshipa uliokuwa umebana, kisha nyingine nene zaidi juu yake, akapanua njia. Mguu ukapona, bibi akaendelea kutembea. Marekani wengi walimwona Dotter kama mtu wa vituko, wakampuuza. Ulaya ndo walimsikiliza.

Grüntzig akajifunza njia ya Dotter huko Ujerumani, akaja kuitumia Zürich kwenye miguu ya wagonjwa. Lakini aliona kasoro yake. Kusukuma mrija mnene ndani ya mshipa ni sawa na kulazimisha gogo ndani ya bomba. Unajeruhi njia yote, na tundu kwenye ngozi linakuwa kubwa. Moyoni huwezi kabisa kufanya hivyo. Akawaza: vipi kama naingia mwembamba, nikifika penye tatizo ndo napanuka?

JIKONI USIKU

Wazo la puto ni rahisi kulisema, kazi ni kulitengeneza. Mnajua tyubu ya baiskeli, ukiijaza upepo nje ya tairi inavimba upande ule ulio dhaifu. Puto la mpira nalo hivyohivyo. Likikutana na sehemu ngumu ya mshipa halifanyi kitu pale, linavimba mbele na nyuma yake, ambako mshipa ni mzima, na linaweza kuupasua. Grüntzig alihitaji puto linalokataa kupita kipimo. Ukilijaza lifike upana uliopangwa, liishie hapo hata ukiongeza nguvu, na nguvu yote iende kwenye ule uchafu.

Hakukuwa na kiwanda cha kumtengenezea. Mchana alikuwa kazini hospitali. Jioni yeye, mke wake Michaela, msaidizi wake Maria Schlumpf na mume wa huyo dada, Walter, walikusanyika kwenye meza ya jikoni nyumbani kwa daktari. Mirija midogo ya plastiki, wembe, gundi, nyuzi, moto. Kupasha, kuvuta, kupuliza, kukata, kufunga. Puto linapasuka, wanaanza upya. Mzee mmoja profesa mstaafu wa kemia pale Zürich, Heinrich Hopff, ndiye aliyemwonyesha kwamba plastiki ya PVC ingemfaa. Ndiyo, PVC ileile familia ya mabomba ya maji.

Tarehe 12 Februari 1974 akatumia puto lake kwa mara ya kwanza kwenye mshipa wa mguu wa mgonjwa, na likafanya kazi. Baadaye akatengeneza katheta yenye njia mbili ndani yake. Njia moja ya kujaza puto, nyingine ya kupima msukumo wa damu na kupitisha dawa ya picha. Akaendelea kupunguza ukubwa, kupunguza, kupunguza, hadi ikaweza kuingia kwenye mshipa wa moyo. Mwaka 1975 akajaribu kwa mbwa.

Mwaka 1976 akapeleka majibu ya mbwa kwenye mkutano mkubwa wa madaktari wa moyo wa Marekani, Miami. Hakupewa jukwaa, alibandika bango lake ukutani kama wengine na kusimama pembeni. Wengi waliopita hapo hawakuamini. Wengine walisema uchafu utavunjika na kwenda kuziba mbele, mgonjwa atakufa mezani. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo, na mtaona huko mbele ilivyorudi.

Mmoja aliyesimama akaelewa ni daktari wa San Francisco, Richard Myler. Mwaka 1977 wakajaribu pamoja kule San Francisco, lakini kwa tahadhari: mgonjwa alikuwa tayari amefunguliwa kifua kwa ajili ya baipasi, wakapitisha puto humo na kuangalia kama uchafu unavunjika na kusafiri. Haukuleta shida. Sasa ikabaki hatua moja tu.

SEPTEMBA 16, 1977

Zürich alipatikana mgonjwa aliyefaa. Mwanaume wa miaka 38, umri uleule wa daktari mwenyewe. Anabanwa kifua, na picha inaonyesha sehemu moja fupi iliyobana kwenye mshipa mkubwa wa mbele wa moyo. Alikuwa anasubiri baipasi. Akaelezwa kuna njia mpya, haijafanywa kwa mtu yeyote aliye macho duniani. Yule bwana akakubali.

Fikiria hiyo hali, ndugu msomaji. Mgonjwa yuko macho, anaona na kusikia. Mkuu wa upasuaji, Åke Senning, alikuwa ameunga mkono jambo hili, na timu ya upasuaji ilikuwa tayari kama mambo yakiharibika. Grüntzig akaingia kwa kutoboa pajani, akapandisha katheta hadi kwenye mlango wa mshipa wa moyo, akapitisha puto hadi penye wembamba. Akalijaza. Akaliachia. Akalijaza tena. Msukumo wa damu mbele ya kizuizi ukapanda, picha ikaonyesha njia imefunguka. Hakuna kifua kilichopasuliwa.

Mwezi Novemba mwaka huohuo akarudi kwenye mkutano uleule wa Marekani, safari hii na majibu ya wagonjwa wanne wa kwanza. Ukumbi ukampigia makofi. Mwaka mmoja tu kutoka kwenye bango la ukutani!

KILICHOMTOFAUTISHA

Hapa ndo mimi nampendea huyu jamaa. Angeweza kuficha. Wangapi tunawajua wakipata kitu kizuri wanatangaza mafanikio tu, yaliyoharibika yanafukiwa? Mwaka 1979 alipochapisha majibu ya wagonjwa 50 wa kwanza kwenye jarida kubwa la udaktari la Marekani, aliandika wazi kwamba njia ilifaulu kwa wagonjwa 32. Yaani 18 haikufaulu. Watano walilazimika kukimbizwa kwenye baipasi ya dharura. Akaongeza kwamba anakadiria ni kama asilimia 10 hadi 15 tu ya watu wanaohitaji baipasi ndio wanaofaa kwa puto, na kwamba unahitajika utafiti wa kulinganisha njia hizi mbili kwa haki.

Mtu amegundua kitu cha karne, halafu anaambia dunia punguzeni mwendo! Mafunzo yake nayo yalikuwa hivyohivyo. Kuanzia mwaka 1978 aliita madaktari kutoka nchi mbalimbali waje Zürich, wakakaa ukumbini wakimwangalia kwenye televisheni akifanya kazi moja kwa moja. Hakuna kukata mkanda. Ikiharibika, wote wanaona imeharibika. Pia akasukuma lianzishwe daftari la pamoja ambamo madaktari wanaandikisha kila mgonjwa na matokeo yake, mazuri na mabaya.

Mwaka 1980 akahamia Marekani, Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Zürich nafasi ilikuwa finyu kwa kazi aliyoitaka, Atlanta wakampa uwanja. Hapo kazi ikawa kubwa, jina likawa kubwa, na maisha yakawa ya kasi. Ndoa yake na Michaela ikavunjika, baadaye akaoa tena daktari kijana, Margaret Anne. Akajifunza kurusha ndege, akanunua na ya kwake.

BAIPASI IKIZIBA, NANI ANAZIBUA?

Sasa turudi kwenye lile swali la wazee wetu ambao wamefanyiwa baipasi na bado kifua kinabana.

Vena ya mguu imeumbwa kwa kazi ya upole. Inarudisha damu moyoni polepole, msukumo mdogo. Ukiihamishia kwenye moyo unaipa msukumo wa ateri, mkubwa mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Vena inajitahidi, kuta zake zinanenepa. Miaka inapita, uchafu unajijenga humo kuliko hata kwenye mishipa ya asili. Baada ya miaka 10 hivi, karibu nusu ya vena hizo zinakuwa zimeziba au zimeharibika vibaya. Ndo maana madaktari wa upasuaji siku hizi wanapenda kutumia pia ateri iliyo ndani ya ukuta wa kifua, ambayo inadumu vizuri zaidi.

Mgonjwa wa namna hii afanyweje? Kufungua kifua mara ya pili ni hatari kuliko mara ya kwanza. Kuna makovu kila mahali, na mgonjwa ameshazeeka. Kwa hiyo tangu mwanzoni kabisa Grüntzig alijaribu puto lake kwenye vena hizi pia. Mwaka 1983, yeye na wenzake wa Emory, wakiongozwa na John Douglas, walichapisha ripoti ya wagonjwa waliotibiwa kwa puto baada ya kuwa wamefanyiwa baipasi siku za nyuma. Ilionekana inawezekana. Lakini ilionekana pia kwamba vena siyo mteja rahisi.

Kwanza, sehemu nyingi zilizopanuliwa zilibana tena ndani ya miezi michache. Hilo lilikuwa tatizo la puto kwa ujumla, hata kwenye mishipa ya asili, karibu theluthi moja ilirudi kubana. Pili, na hili ni baya zaidi, uchafu wa ndani ya vena ya zamani ni laini, unamomonyoka kama uji ulioganda juu. Ukiugusa na puto, vipande vinakatika na kusafiri mbele na damu, vinaziba vimishipa vidogo kabisa. Bomba umelifungua lakini maji hayatoki. Mgonjwa anaweza kupata shambulio la moyo palepale mezani. Mnakumbuka wale waliopinga kwenye bango la Miami? Hofu yao kwenye mishipa ya asili haikutimia sana, lakini kwenye vena kuukuu za baipasi ilikuwa hofu ya kweli.

Grüntzig hakupata muda wa kulimaliza hilo.

OKTOBA 27, 1985

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Andreas na Margaret Anne walikuwa wanarudi Atlanta kutoka pwani ya Georgia walikokuwa na nyumba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na mawingu mazito. Alikuwa anarusha mwenyewe. Ndege ikaanguka karibu na mji wa Forsyth, Georgia. Wote wawili wakafariki.

Mwaka huo ulikuwa mchungu kwa fani hii. Charles Dotter alikuwa amefariki Februari. Mason Sones wa Cleveland, aliyegundua namna ya kupiga picha mishipa ya moyo na ambaye bila yeye wala Favaloro wala Grüntzig wasingejua wapi pameziba, naye alifariki mwaka huohuo, mwezi Agosti. Waanzilishi wakaondoka kwa mkupuo mmoja, wakawaachia wanafunzi kazi.

WALIOBAKI WALIFANYA NINI

Mwaka 1986, miezi mitano tu baada ya ajali ile, kule Ufaransa na Uswisi madaktari Jacques Puel na Ulrich Sigwart wakaanza kuweka stenti kwenye mishipa ya moyo. Stenti ni kijisilinda cha waya wa chuma. Puto linakipanua, puto linatolewa, chuma kinabaki kushikilia njia isijifunge, kama nguzo za mgodini.

Kwenye vena za baipasi stenti ilisaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, wagonjwa 220, nusu puto tupu na nusu stenti, ulionyesha waliowekewa stenti walipata matokeo mazuri zaidi mwanzoni na matatizo machache baadaye, ingawa kubana tena hakukuisha.

Bado vile vipande vinavyosafiri. Hapo likaja wazo zuri sana la mtego. Kabla ya kugusa penye uchafu, daktari anapitisha waya wenye kiputo kidogo hadi mbele ya sehemu mbovu, anakijaza ili kifunge njia. Anaweka stenti yake. Vipande vyote vinakwama nyuma ya kile kiputo, vinafyonzwa nje kwa mrija, kisha njia inafunguliwa. Utafiti wa mwaka 2002 wenye wagonjwa 801 ulionyesha matatizo makubwa ndani ya siku 30 yalishuka kutoka asilimia 16.5 hadi 9.6. Vikaja pia vichujio vidogo kama mwavuli, damu inapita, takataka zinabaki. Mwaka 2003 vilipimwa vikaonekana havipitwi na kile kiputo.

Kisha stenti zenye dawa ya kuzuia kubana tena. Kwenye mishipa ya asili zilileta mapinduzi. Kwenye vena? Utafiti wa mwaka 2018 wa wagonjwa karibu 600 ulikuta hazina tofauti na stenti za kawaida. Vena imegoma! Kwa hiyo madaktari wengi, pale inapowezekana, wanaiacha vena ilivyo na kwenda kuzibua mshipa wa asili uliozibwa tangu zamani. Mfano mnaoujua: Bill Clinton. Alifanyiwa baipasi mwaka 2004, na Februari 2010 kifua kikambana, ikakutwa mmoja wa mishipa ya kupandikiza umeziba. Madaktari hawakuhangaika na vena, wakaweka stenti mbili kwenye mshipa wake wa asili, na kesho yake akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Na hizi siyo habari za Ulaya na Marekani peke yake. Pale Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 kwenye viwanja vya Muhimbili inafanya kazi hii ya kupitisha katheta na kuweka stenti. Zamani tulizoea kusikia mgonjwa anapelekwa India.

TUJIFUNZE NINI

Mimi nina mambo matatu.

Moja, kifaa cha kuokoa mamilioni kilianzia kwenye meza ya jikoni, kwa gundi na wembe. Hatukosi meza sisi. Lakini tusijidanganye pia: jamaa alikuwa na miaka ya shule, profesa wa kemia wa kumuuliza, na hospitali nyuma yake. Kipaji kinahitaji mahali pa kusimamia.

Pili, ukweli wake ndio uliobeba kazi yake. Angesema 50 kwa 50, wenzake wangejaribu, wagonjwa wangekufa, na puto lingezikwa mapema. Alisema 32, na watu wakajua hiyo 32 ni ya kweli.

Tatu, baipasi wala stenti siyo mwisho wa ugonjwa. Ni bomba limezibuliwa, maji machafu bado yanapita. Mzee akishatibiwa kisha akarudi kwenye sigara na kuacha dawa, vena ile itaziba, na mmeona kuizibua ilivyo shughuli. Kama una baba, mama au babu aliyefanyiwa, muulize leo kama anakunywa dawa zake na kama anakwenda kliniki. Na kifua kikimbana tena asikae nyumbani akisubiri kesho.

Ile timu ya Zürich, wagonjwa 169 wa kwanza wa Grüntzig, walifuatiliwa kwa miaka 10. Karibu asilimia 90 walikuwa bado hai. Na yule bwana wa kwanza wa miaka 38? Mwaka 1987, miaka kumi kamili baada ya siku ile, alikwenda Atlanta akapigwa picha tena ya mishipa. Sehemu ile ilikuwa bado iko wazi. Daktari wake alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama kuna madaktari au wanafunzi wa udaktari humu ndani nirekebisheni na muongeze nyama. Na kama kwenu yuko aliyepitia baipasi au stenti, tupe uzoefu hapo chini kwenye maoni, utamsaidia mwingine. Matusi hapana. Tupo pamoja.